Umeteuliwa mhariri mkuu wa jarida la chama cha madaktari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa madaktari waliokabidhiwa majarida ya vyama vya kitaaluma hapa Afrika Mashariki. Majarida yenyewe hayafanani. Lipo East African Medical Journal la Kenya Medical Association, lenye mizizi katika miaka ya 1920. Lipo la madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki na Kati. Kisha yapo yale madogo ya vyama vya fani na vya kanda, yanayotoka pale mweka hazina anapopata fedha. Matatizo ya mhariri mpya, hata hivyo, ni yaleyale. Anayejibu amewahi kukalia kiti hicho. Penye kanuni ya kimataifa nimeitaja, na penye maoni yangu utayatambua.

Katibu wa chama amenipigia simu akasema mkutano mkuu umenipitisha. Nikubali?

Mshukuru, kisha omba barua ya uteuzi kabla ya kusema ndiyo. Makofi ya mkutano mkuu hayakupi mamlaka yoyote siku mambo yakiharibika. Barua iseme muhula ni wa miaka mingapi, unawajibika kwa nani, nani anaweza kukuondoa na kwa sababu zipi, bajeti ya mwaka ni kiasi gani na nani anaisaini. Iwe pia na sentensi moja isiyo na mlango wa nyuma: uamuzi wa kipi kichapishwe na kipi kisichapishwe ni wa mhariri mkuu peke yake.

Uliza pia kwa nini mwenzako anaondoka. Ukiambiwa "amechoka tu", mpigie mwenyewe umsikie.

Halafu pima muda wako. Wengi wetu tunaifanya kazi hii baada ya wadi na kliniki, bila posho. Kama mkuu wa idara hawezi kukupunguzia hata zamu moja kwa wiki, omba uteuliwe pamoja na mhariri mwenza tangu siku ya kwanza, msigombane baadaye kuhusu nani ni msaidizi wa nani.

Nidai nini kwa mhariri anayeondoka?

Dai funguo kwanza, hotuba za kuagana baadaye. Funguo maana yake ni nywila ya msimamizi wa mfumo wa kupokea miswada (wengi wetu tunatumia OJS, programu ya bure ya Public Knowledge Project), barua pepe rasmi ya jarida, akaunti ya Crossref inayotoa namba za DOI (utambulisho wa kudumu wa kila makala mtandaoni), namba ya ISSN (utambulisho wa jarida lenyewe) na jina la aliyeiomba, na mawasiliano ya African Journals Online, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya Afrika, kama jarida limo humo. Ongeza mkataba wa mpiga chapa na taarifa ya benki.

Kisha omba faili. Usiridhike na PDF za matoleo yaliyopita; omba na faili za Word zilizotumika kupanga kurasa, maana siku utakapotakiwa kuchapisha sahihisho utazihitaji. Omba orodha ya wahakiki, wataalamu wanaosoma na kupima miswada, yaani ile ya kweli iliyo kichwani mwake: nani hujibu ndani ya wiki mbili, nani husema ndiyo kisha hupotea, nani ana ugomvi na nani. Sehemu hii haiandikwi popote, kwa hiyo kaeni mezani na chai, naye azungumze huku wewe unaandika.

Cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi: barua ambazo hazijajibiwa. Malalamiko ya mwandishi aliyekataliwa, swali la msomaji kuhusu jedwali lisilojumlika, tuhuma ya wizi wa maandishi iliyofika miezi kadhaa iliyopita. Hivi havipo kwenye mfumo. Vipo kwenye barua pepe binafsi ya mtu anayefunga virago.

Tovuti imesajiliwa kwa jina la kijana aliyeitengeneza, na hapatikani. Ni jambo kubwa?

Ni kubwa kuliko toleo lililochelewa. Kuna matapeli ambao kazi yao ni kuvizia majina ya vikoa (anwani za tovuti) yaliyoachwa yaishe muda, wayanunue, wabandike jina na ISSN ya jarida halisi, kisha waanze kukusanya ada kwa waandishi wasiojua. Jarida likishatekwa hivyo, kulisafisha huchukua miaka, na waathirika watakuandikia wewe.

Kama anwani yenu inaishia .tz, msajili wa juu ni yule anayesimamia vikoa vya Tanzania; ikiishia .ke, ni KeNIC ya Kenya. Katibu wa chama awaandikie kwa barua yenye nembo na muhuri, akiambatanisha cheti cha usajili wa chama, kuomba umiliki urudishwe kwa chama. Ukishaurudisha, mlipie miaka kadhaa kwa mkupuo, na barua pepe ya usajili iwe ya ofisi. Ikiwa ya mtu binafsi, hata kama ni wewe, mtarudi hapahapa.

Nimefungua mfumo nikakuta rundo la miswada isiyojibiwa, mingine ya miaka. Nianzie wapi?

Hapa ndipo uhariri wako utakapopimwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Ukipewa jarida umepewa duka pamoja na daftari lake la madeni. Waandishi hawakumkopesha mhariri aliyetangulia, walilikopesha jarida, na sasa jarida ni wewe. Wahariri wapya hupenda kuanza na nembo mpya, bodi mpya na ndoto ya kuingia Scopus, hifadhidata kubwa ya majarida ya kitaaluma. Mimi nasema hakuna kipya mpaka kila mwandishi aliyemo kwenye rundo amepata barua.

Barua yenyewe iwe fupi: "Dkt. fulani, mswada wako namba fulani bado uko kwetu. Ofisi ya uhariri imebadilika na tunaomba radhi kwa kimya. Tutakupa uamuzi kabla ya tarehe fulani. Kama ungependa kuuondoa na kuupeleka kwingine, tujibu kwa mstari mmoja. Hakuna gharama wala kinyongo." Tarehe iwe halisi, na uiheshimu. Nyuma ya mswada ule kuna mhadhiri anayesubiri kupanda cheo, au daktari aliyemaliza MMed (shahada ya uzamili ya udaktari bingwa) ambaye tasnifu yake imelala kwenye seva yenu huku takwimu zikizeeka.

Baada ya barua, gawa rundo. Iliyokubaliwa lakini haijatoka inachapishwa kwa mfuatano wa tarehe za kukubaliwa, bila kupendelea. Iliyohakikiwa ikakosa uamuzi, soma maoni ya wahakiki na uamue wewe. Usiirudishe kwa wahakiki wapya kwa sababu tu unaogopa kusaini. Iliyopotelea mikononi mwa wahakiki, wape siku kumi, kisha tafuta wengine. Na ile ambayo haijafunguliwa kabisa, isome mwenyewe na wahariri wenza, mkatae mapema ile isiyofaa. Kukataa ndani ya wiki mbili kwa sababu zilizoelezwa ni hisani. Kukataa baada ya miezi kumi na minne ni dhuluma, hata kama uamuzi ni uleule.

Kabla ya kumtumia mhakiki mswada wowote wa zamani, tafuta kichwa chake kwenye mtandao. Waandishi waliochoka kungoja huenda walishachapisha kwingine bila kuwaambia, na si wote wana hatia. Wapo walioandika kuomba kuondoa wakakosa wa kuwajibu. Lakini makala moja kutoka mara mbili ni kosa la uchapishaji, na litaandikwa kwa jina lako.

Inaruhusiwa pia kufunga dirisha la kupokea miswada mipya kwa miezi mitatu na kutangaza hivyo wazi. Chama kitalalamika. Waache walalamike.

Mtangulizi wangu alikubali makala ambazo mimi nisingezikubali. Naweza kuzikataa?

Kwa kawaida, hapana. Mwongozo wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa 1997, uko wazi: mhariri mpya asitengue uamuzi wa kuchapisha uliofanywa na aliyemtangulia, isipokuwa kumegunduliwa tatizo zito. Tatizo zito ni takwimu za kubuni, kukosekana kwa kibali cha maadili, wizi wa maandishi, au kasoro inayoweza kumdhuru mgonjwa. "Mada imechakaa" si tatizo zito. "Kiingereza kibovu" si tatizo zito. Hiyo ni kazi ya mhariri wa lugha.

Viongozi wa chama wanaweza kuniamuru nichapishe au nisichapishe kitu?

Chama ndicho mwenye jarida, na mwenye mali ana haki zake: kupanga bajeti, kuamua litoke mara ngapi, kumteua mhariri na kumwondoa kwa utaratibu. Yaliyomo kwenye kurasa si yake. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, inasema mhariri awe na mamlaka kamili juu ya maudhui na wakati wa kuyachapisha. Ukisoma hilo kwenye karatasi unaona ni jambo jepesi. Historia inasema vingine.

Januari 1999 chama cha madaktari cha Marekani, AMA, kilimfukuza George Lundberg, aliyekuwa ameliongoza jarida la chama hicho, JAMA, kwa miaka 17. Sababu iliyotajwa ni kuharakisha makala kuhusu wanafunzi wa chuo wanavyoelewa maana ya kujamiiana, wakati Seneti ikisikiliza kesi ya kumwondoa Rais Clinton madarakani. Mwaka huohuo, Jerome Kassirer aliondoka New England Journal of Medicine. Wengi husahau kwamba jarida hilo kubwa ni la chama cha jimbo moja tu, Massachusetts Medical Society, kilicholinunua mwaka 1921 kwa dola moja. Kassirer alipinga viongozi wa chama kutumia jina la jarida kuuzia bidhaa nyingine, na mkataba wake haukuongezwa.

Februari 2006 ikawa zamu ya Kanada. John Hoey na naibu wake Anne Marie Todkill waliondolewa CMAJ, jarida la chama cha madaktari cha Kanada, miezi michache baada ya mvutano na chama kuhusu habari ya wafamasia waliokuwa wakiwauliza wanawake maswali ya faragha kabla ya kuwauzia vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Wajumbe wengi wa bodi walijiuzulu. Australia, mwaka 2015, Stephen Leeder aliondolewa Medical Journal of Australia alipopinga shughuli za uzalishaji kukabidhiwa kampuni ya nje, na karibu kamati yote ya ushauri ikamfuata mlangoni.

Nimezitaja hizo kwa sababu zilitokea kwenye vyama vyenye fedha, wanasheria na sera zilizoandikwa. Chetu na chako havina hata hizo sera. Baada ya sakata la 1999, AMA iliweka kamati ya usimamizi wa jarida kati ya mhariri na viongozi, ili asiwepo mtu mmoja anayeweza kumfukuza kwa hasira ya asubuhi moja. Kamati ya watu watatu inatosha kwa chama kidogo: mmoja awe nje ya uongozi, mmoja nje ya chama kabisa. Iombeni mapema, mkiwa bado mnapendana.

Rais wa chama anataka hotuba yake ya mkutano mkuu iwe makala ya kwanza.

Ina nafasi yake: kurasa za habari za chama, zilizotengwa na kuandikwa hivyo, bila kupitia uhakiki na bila kuhesabiwa kama utafiti. Mwambie itatoka toleo hilihili. Atafurahi, na hutakuwa umevunja kitu.

Profesa aliyenifundisha ametuma mswada dhaifu. Nafanyaje?

Hili linaulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote, na huku kwetu ni gumu kuliko suala la kisheria. Aliyekufundisha kushika kisu utamwandikiaje kwamba sampuli yake ni ndogo?

Jibu ni kwamba usimwandikie wewe. Siku hiyohiyo mswada ulipofika, mtumie ujumbe: "Shikamoo Profesa. Mswada umefika salama. Kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wako, utashughulikiwa na mhariri mwenza kuanzia mwanzo hadi uamuzi, nami sitauona tena." Kisha usiuone kweli. Uhakiki uwe wa majina yaliyofichwa pande zote mbili, ingawa kwenye fani yenye madaktari bingwa wachache nchi nzima, kila mtu humjua mwenzake kwa namna anavyoandika utangulizi. Ndiyo maana mmoja wa wahakiki atoke nje ya nchi, Kampala kama ninyi mko Mwanza, Lusaka kama mko Nairobi.

Akikupigia simu kuuliza matokeo, msikilize, mwulizie afya na wajukuu, na umwelekeze kwa mhariri mwenza. Utaratibu huu unamlinda na yeye pia. Makala yake ikikubaliwa, hakuna atakayesema alibebwa.

Mimi mwenyewe naweza kuchapisha kwenye jarida ninalohariri?

Tahariri, ndiyo. Utafiti, mara chache sana, kupitia mhariri mwingine, na maelezo ya utaratibu huo yachapwe chini ya makala. Bodi ambayo wajumbe wake ndio waandishi wa nusu ya kila toleo hutambulika haraka na wanaokagua majarida.

Wahakiki hawajibu. Kuna dawa?

Hakuna dawa moja, lakini kuna tabia zinazosaidia. Barua ya mwaliko iwe na ikisiri, tarehe ya mwisho na swali la ndiyo au hapana. Usimtumie mtu mswada mzima bila kumuuliza. Daktari wa mkoani mara nyingi husoma barua yako kwenye simu kati ya mgonjwa na mgonjwa, kwa hiyo ujumbe mfupi wa WhatsApp wa kumkumbusha hufanya kazi kuliko vikumbusho vitatu vya mfumo. Ila usitaje kichwa cha mswada kwenye kundi la WhatsApp la chama. Hilo ni tangazo la siri ya mwandishi.

Washirikishe vijana. Daktari aliye mwaka wa tatu wa MMed akisimamiwa na bingwa wake huandika uhakiki wa kina kuliko bingwa mwenyewe, mradi jina lake litajwe kwako na asifanyishwe kazi bure kwa jina la mwingine. Na mpe kila mhakiki barua ya uthibitisho mwisho wa mwaka. Baraza la madaktari likimuuliza kuhusu pointi za mafunzo endelevu, au kamati ya vyeo ikimuuliza alichangia nini, ataitoa.

Nitajuaje kama kibali cha maadili ni cha kweli?

Kiombe, kisome, linganisha tarehe. Tanzania Bara kibali cha kitaifa hutolewa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na Zanzibar ina kamati yake. Kenya kuna kamati zilizoidhinishwa pamoja na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na Uganda baraza la taifa la sayansi na teknolojia, UNCST, ndilo husimamia. Hospitali za rufaa na vyuo vikuu vina kamati zao pia.

Mambo mawili hujirudia. La kwanza, mwandishi huambatanisha barua ya mganga mkuu wa wilaya. Barua ile ni ruhusa ya kuingia kituoni. Kibali cha maadili ni kingine. La pili, kibali kimetolewa Machi na takwimu zilikusanywa Januari. Kibali hakirudi nyuma, na hakuna mhariri anayeweza kukirudisha. Makala za majaribio ya dawa kwa wagonjwa zina sharti lingine: tangu 2005 majarida yanayofuata ICMJE hayachapishi jaribio ambalo halikusajiliwa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuingizwa.

Ripoti ya mgonjwa mmoja imekuja na picha. Macho yamefunikwa kwa mstari mweusi. Inatosha?

Haitoshi. ICMJE imesema wazi kwamba kufunika macho hakumfichi mtu, na sisi tunaojua vijiji vyetu hatuhitaji kuambiwa. Uvimbe wa shavu wa mtoto wa kata fulani, umri na mwaka vikitajwa, jirani yeyote atamtambua. Dai ridhaa ya maandishi ya kuchapisha, iliyo tofauti na ridhaa ya matibabu, kwa lugha anayoielewa mgonjwa au mzazi, ikieleza kwamba picha itakuwa kwenye intaneti na haitafutika. Fomu yenyewe ibaki kwa mwandishi au hospitalini. Kwako yatosha tamko lake kwamba ipo.

Na wizi wa maandishi? Na makala zilizoandikwa na akili mnemba?

Programu ya kulinganisha maandishi hutoa asilimia, na asilimia peke yake haisemi kitu. Asilimia thelathini iliyotapakaa kwenye sehemu ya mbinu inaweza kuwa lugha ya kawaida ya fani. Asilimia nane iliyo aya moja nzima ya majadiliano ni wizi. Soma kilichotiwa rangi. Mwandishi kijana aliyenakili kwa kutojua kunukuu, mrudishie na maelekezo. Aliyebadilisha jina la hospitali na kubakiza jedwali la mwingine, fuata hatua za COPE, ambazo huanza kwa kumtaka maelezo na zinaweza kufika kwa mwajiri wake.

Kuhusu akili mnemba, tangu 2023 ICMJE inasema programu haiwezi kuwa mwandishi, kwa kuwa haiwezi kuwajibika kwa kilichoandikwa, na mwandishi atamke kama aliitumia na kwa kazi gani. Mimi sioni ubaya daktari wa Kigoma kuitumia kunyoosha Kiingereza chake. Ubaya uko kwenye marejeo: fungua matano, uone kama makala hizo zipo duniani. Waonye na wahakiki wasipakie mswada wa mtu kwenye programu hizo, maana mswada ni siri.

Tutoze ada? Fedha zitoke wapi?

Tozeni ikibidi, lakini itangazwe kabla mtu hajatuma mswada, ilipwe baada ya kukubaliwa, na iingie kwenye akaunti ya chama. Ada inayotumwa kwa namba ya simu ya mtu ndiyo alama ya kwanza ya jarida la kitapeli, na waandishi wameshajifunza kuitambua. Mhariri anayeamua makala asijue nani amelipa na nani amesamehewa.

Punguzeni gharama kabla ya kutafuta mapato. Tangu Januari 2023 Crossref imeondoa ada kwa wanachama kutoka nchi kadhaa zenye kipato kidogo, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Kuna majarida bado yanalipa kwa mazoea, au hayana DOI kwa kuogopa gharama ambayo haipo tena.

Matangazo ya kampuni za dawa yanakubalika yakitengwa na makala: tangazo la dawa ya presha lisikae ukurasa unaotazamana na utafiti wa presha, na muuza matangazo asijue toleo lijalo lina nini. Maziwa ya kopo ya watoto kataeni moja kwa moja. Kanuni ya kimataifa ya 1981 inayabana, Kenya ina sheria yake ya 2012, na Tanzania ina kanuni zake.

Chama kinataka tuingie Scopus na PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, tupate impakti fakta (kipimo cha makala za jarida kunukuliwa). Ndani ya mwaka mmoja inawezekana?

Haiwezekani, na mwambie mwenyekiti hivyo mapema. Scopus hutaka historia ya uchapishaji ya angalau miaka miwili. MEDLINE, orodha teule iliyomo PubMed, huchuja kwa ubora wa sayansi, na kuwemo PubMed Central, hifadhi ya makala kamili, ni njia nyingine yenye masharti yake ya kiufundi. Anzeni na African Journals Online, inayofanya kazi tangu 1998, na mfuate vigezo vya uchapishaji vya JPPS ambavyo huyapa majarida nyota kulingana na utaratibu wao. Kisha DOAJ, orodha ya majarida huria. Mkikamilisha fomu ya DOAJ kwa ukweli, mtakuwa mmeshaandika nusu ya sera mlizokosa.

Kinachowaangusha wengi kwenye maombi hayo ni kutotoka kwa wakati. Toleo la Machi litoke Machi.

Chuo Kikuu cha Makerere ni mfano mzuri kwa anayetaka kuona inavyofanyika. African Health Sciences lilianza 2001, likashirikiana na jarida la Uingereza, BMJ, kupitia mpango wa ushirika wa majarida ya Afrika ulioanza 2004, na limejenga jina kwa miaka, toleo kwa toleo.

Msomaji amegundua kosa zito kwenye makala ya miaka kumi iliyopita. Ni mzigo wangu?

Wako, ndiyo. Mwandikie mwandishi, mpe muda, omba takwimu ghafi. Kama ni kosa la bahati mbaya lisilobadilisha hitimisho, chapisha sahihisho lililounganishwa na makala. Kama hitimisho halisimami, ibatilishwe kwa tangazo linaloeleza sababu, na makala ibaki mtandaoni ikiwa na alama ya kubatilishwa kila ukurasa. Usiifute kimyakimya. Jarida la Lancet lilichukua miaka 12, kutoka 1998 hadi 2010, kuibatilisha makala ya Wakefield iliyohusisha chanjo ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, na hofu iliyozalishwa na kuchelewa huko bado tunaijibu kliniki za chanjo. Kama mwandishi ameshafariki au hapatikani, uamuzi ni wa jarida, baada ya kuiuliza taasisi yake.

Tuchapishe kwa Kiswahili?

Ikisiri ya Kiswahili, naitetea kwa nguvu zote. Anayetekeleza matokeo ya utafiti wa malaria ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii na muuguzi wa zahanati, na maneno mia mbili yaliyoandikwa vizuri yatawafikia. Iandikwe na mwandishi mwenyewe, ihaririwe na mtu wa lugha, isigeuzwe kwa mashine dakika ya mwisho.

Tumeruka matoleo manne. Tuyachapishe kwa tarehe za zamani?

Msifanye hivyo. Makala iliyokubaliwa mwaka huu haiwezi kutoka mwaka juzi, na tarehe za kupokelewa na kukubaliwa zilizo chini ya ikisiri zitawaumbua. Tangazeni kwamba juzuu fulani halikutoka, muendelee na namba inayofuata, au mtoe toleo moja lenye namba mbili kama makala zipo. Karatasi ikiwa ghali, chapeni nakala chache za maktaba ya taifa na za vyuo, zilizobaki ziwe mtandaoni.

Tahariri yangu ya kwanza niandike nini?

Andika fupi. Mshukuru kwa jina aliyetangulia, taja miswada mingapi inasubiri na itapata uamuzi lini, eleza malalamiko yaelekezwe wapi kama mlalamikiwa ni wewe. Maneno mia tatu yanatosha. Ahadi ya impakti fakta iache nje.